Ufunguo Kwenye Kibaba

Kila mwaka wa masomo unapoanza, wasichana wapya wanakuja kujiandikisha kwenye timu ya riadha ya chuo chetu, nami nawakalisha kwenye ngazi za uwanja, daftari mapajani. Wanategemea niwaulize wanakimbia mita ngapi, au asubuhi wamekula nini. Hayo nitayauliza, ila si kwanza. Swali langu la kwanza ni hili: "Mchana kutwa ukiwa mjini, unajisaidia wapi?"

Wanacheka, wanagongana viwiko. Mwaka jana mmoja alinijibu, "Madam, hiyo si siri ya mtu?" Nikamwambia sawa, ni siri, nami sina haraka, nitakaa hapa mpaka aitoe. Akaitoa. Ilikuwa ileile niliyoitegemea: anatoka kwao asubuhi na mapema, vyoo anavyovipita njiani havimpi moyo, basi anajibana mpaka arudi jioni. Na ili aweze kujibana, hanywi maji.

Nilimwelewa kuliko alivyodhani. Mimi niliulizwa swali hilo nikiwa na miaka kumi na tisa, na aliyeniuliza hakuwa daktari wala kocha. Alikuwa bibi mmoja wa Kihindi mwenye duka la viungo Kariakoo. Nimeamua kuandika habari zake, za mama yangu, na za kocha wangu wa zamani. Majina yao nayaacha, maana wawili kati yao wangenigombeza. Ila shukrani siwezi kuziacha, zimenikaa kooni miaka mingi.

Mama ana meza ya nguo za watoto kwenye baraza ya duka la huyo bibi. Anauza magauni ya marinda Idi ikikaribia, sare za shule Januari, na soksi na vikofia vya kufuma mwaka mzima. Meza hiyo ndiyo iliyonilea. Nilijifunza kusimama nikiwa nimeshika mguu wake, nilifanya kazi za shule nimekaa chini yake, na nikiwa darasa la tano niliweza kukisia umri wa mtoto kwa kuangalia tu mama yake anavyonyoosha mkono kuonyesha kimo. Baba alikuwa akisafisha samaki kwenye soko la Feri, anatoka nyumbani sisi bado tumelala. Kwa hiyo dunia yangu ya mchana ilikuwa Mama, meza, na kelele za Kariakoo.

Juu ya meza, upande wa kulia, palikuwa na chupa ya maji. Mama aliijaza nyumbani asubuhi, na jioni tuliirudisha imepungua vidole viwili. Nilipokuwa mdogo nilidhani maji yale ni ya pambo. Mama alikuwa akifungua chupa, anamimina maji kwenye kifuniko chake, anakunywa kifuniko kimoja, anafunga. Vifuniko vitatu asubuhi, viwili mchana. Wanawake wengi wenye meza mtaani kwetu walikunywa hivyo, na hakuna aliyeona ajabu.

Sababu ilikuwa wazi kwetu sote. Choo cha kulipia kilikuwa mtaa wa tatu, na foleni yake kila mtu aliijua. Ukiondoka, wateja wanahamia meza ya jirani, na ukirudi unakuta gauni moja halipo na hakuna aliyeliona likiondoka. Jirani anaweza kukuangalizia, lakini si mara nne kwa siku, na yeye ana meza yake. Kwa hiyo Mama aliondoka mara moja tu, adhuhuri, kwenda msikitini upande wa wanawake, na hukohuko alimaliza haja zake zote, za Mungu na za mwili. Baada ya hapo alikaa kwenye kigoda chake mpaka jioni. Kichwa kilimuuma kila siku baada ya alasiri. Alikifunga kwa kitambaa, akasema ni jua.

Nami nilikunywa kwa kifuniko. Sikufundishwa, nilimwiga. Nilipoingia chuo pale mjini nilikuwa nimeshazoea kiasi kwamba sikusikia tena kiu, na nilijivunia. Wenzangu walipokuwa wakilalamika darasani kwamba wamekauka, mimi niliwaona wamedekezwa.

Kocha aliniona kwenye bonanza la mwaka wa kwanza. Alikuwa mzee mfupi, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mwenye kofia iliyopauka na filimbi ambayo hakuipiga, kwa sababu sauti yake ilitosha. Siku ile nilikimbia kwa mchezo tu, na viatu vya kuazima, nikawaacha wote. Alinifuata nikiwa nakula muwa.

"Binti, nani amekufundisha kukimbia?"

"Hakuna."

"Inaonekana. Njoo Jumanne."

Nilikwenda Jumanne, nikaenda na siku nyingine zote. Nilipata viatu vyangu vya mbio Mchikichini, vya mitumba, soli moja ikiwa imelika kuliko nyingine, na niliviosha kwa mswaki nikavianika dirishani kama mtu aliyenunua gari. Sijui niseme nini kuhusu kukimbia. Kwenye meza nilikuwa mtoto wa Mama, darasani nilikuwa wa katikati, uwanjani nilikuwa mimi. Sikuwa na mahali pengine pa namna hiyo.

Tatizo lilikuwa Jumamosi. Mazoezi makubwa yalikuwa Jumamosi asubuhi, na Jumamosi ndiyo siku ambayo meza inataka watu wawili. Mama alifikiri siku mbili nzima, kisha akanipa jibu huku anakunja soksi. "Nakuachia Jumamosi zako mpaka kocha wenu achague timu ya michezo ya vyuo. Ukichaguliwa, kimbia. Usipochaguliwa, unarudi hapa, na habari za mbio tunazifunga." Hakusema kwa ukali. Mgongo wake ulikuwa umechoka na alihitaji mtu. Nilikubali haraka, kwa sababu nilikuwa na uhakika. Kwa mita elfu moja mia tano, upande wa wasichana, kocha angechukua wawili, na mimi nilijiona wa kwanza.

Wiki tano kabla ya uchaguzi, kocha alitupima. Ilikuwa asubuhi ya saa nne, jua la Dar limeshakaa sawasawa. Raundi mbili za kwanza nilikuwa mbele. Ya tatu miguu ikaanza kukaza, midomo ikashikana, na masikio yakajaa mlio. Nakumbuka niliona uwanja umeinama upande mmoja, nikashangaa kwa nini wenzangu hawaanguki. Kumbe niliyeinama ni mimi.

Nilipofumbua macho kocha alikuwa amenikingia jua kwa kofia yake.

"Umekula nini asubuhi?"

"Chai."

"Chai na nini?"

"Na andazi."

"Moja?"

Kocha alisimama, akawageukia wenzangu wote, akaanza kuhutubia. Kwamba mwili unaojengwa bado na unaokimbia papo hapo unakula mara mbili ya mwili uliokaa. Kwamba damu ya msichana inapungua kila mwezi, na asiyekula maharage, dagaa na mboga za majani anakimbia na damu nusu. Kwamba ndizi mbivu kabla ya mbio si anasa, na baada ya mbio usikae na njaa mpaka jioni, kula hapohapo, hata kama ni viazi vitamu na maziwa. Kisha akagusia maji. Alikuwa na dumu lake la kila siku, maji, sukari, chumvi kidogo na ndimu, na kila mtu alichota chupa yake. "Na mkojo mwangalie," alisema bila haya. "Ukiwa rangi ya maji ya ndimu, uko salama. Ukiwa rangi ya chai, wewe ni mgonjwa unayetembea. Binti, wako una rangi gani?"

"Ya ndimu," nikasema. Ulikuwa rangi ya chai iliyokolea majani.

Aliniandikia karatasi ya vyakula, nikampelekea Mama. Mama aliisoma mara mbili, uso ukamwiva. "Kwa hiyo huyu mzee anasema mwanangu analala njaa?" Aliichukua kama tusi, na jibu lake alilitoa kwa sufuria. Kuanzia kesho yake aliamka kabla ya Alfajiri. Alichemsha viazi vitamu, akaunga maharage kwa nazi, akakaanga dagaa na nyanya, na Baba akawa analeta vichwa vya changu kwa ajili ya supu. Yote yakapakiwa kwenye hotpoti kubwa ya bluu ambayo ilikuwa ikitoka kabatini siku za wageni tu. Nilibeba hotpoti hiyo chuoni kila siku. Wenzangu waliniita Mama Lishe, wakiniuliza leo kuna nini, na nusu ya timu walikula mkono wa mama yangu wiki tatu nzima.

Nikikumbuka wiki hizo natamani kurudi nimkumbatie. Alikuwa na usingizi mchache kuliko sisi wote na alinipa. Nilikula kila kitu. Na sikupona.

Nilinenepa kidogo, ni kweli. Lakini raundi ya tatu ilipofika miguu ilikaza vilevile. Tumbo lilijaa, likawa gumu, siku tatu siendi haja. Kichwa kilianza kuniuma baada ya alasiri, mahali palepale Mama alipofunga kitambaa chake. Maji ya kocha nilichota kama wengine, nikasukutua, nikatema, yaliyobaki nikajimwagia kichwani, na chupa ikaonekana tupu. Sikuwa nadanganya kwa ubaya. Choo cha wasichana pale uwanjani kilikuwa na kufuli na hakuna aliyejua mwenye ufunguo, na baada ya mazoezi nilikwenda moja kwa moja kwenye meza. Kunywa chupa nzima kwangu lilikuwa jambo la kijinga. Yangetokea wapi?

Kocha hakuwa mjinga. Siku moja alinitazama nikisukutua, akasema, "Binti, hayo maji unakunywa au unayaonyesha?" Nikacheka. Yeye hakucheka. Alisema, "Nachagua baada ya wiki mbili. Ningechagua leo, nisingekuandika." Nilitoka uwanjani nimebana meno, nikitukana jua, viatu, kocha, kila kitu isipokuwa chupa.

Nilipofika Kariakoo, Mama alikuwa msikitini, meza ikiangaliwa kutoka dukani na yule bibi. Lazima nieleze habari zake. Sote tulimwita Ba, kama wajukuu zake walivyomwita. Alizaliwa mtaa ule ule, juu ya duka lile lile, na Kiswahili chake kilikuwa cha Kariakoo kuliko changu. Aliuza bizari, iliki, dengu, choroko, na alimjua kila mtu kwa kile anachokula. Yeye na Mama walikuwa wamekaa kwenye baraza moja miaka kumi na minane. Idi tulimpelekea visheti, Diwali alituletea vitamutamu vya laddu kwenye sahani ya bati iliyofunikwa kitambaa. Walijuana mpaka magonjwa ya wazazi wao.

"Shikamoo, Ba."

"Marahaba. Mbona umekauka hivyo? Midomo kama karatasi."

Aliingia nyuma, akarudi na glasi ndefu ya chasi, yaani mtindi uliochapwa na maji, chumvi na bizari nyembamba iliyokaangwa. Niliinywa nusu, nikaiweka. Akanitazama.

"Maliza."

"Nimetosheka, Ba."

"Umetoka kukimbia juani, umetosheka na nusu glasi? Hupendi?"

"Napenda sana."

"Basi?"

Sijui ni uchovu au ni hasira za kocha, nilisema ukweli ambao sikuwahi kumwambia mtu. "Nikimaliza itabidi niende chooni, na Mama akirudi meza inataka watu wawili, siwezi kuondoka tena."

Ba akauliza, taratibu, "Wewe huwa unajisaidia wapi?"

"Nyumbani."

"Na mama yako?"

"Msikitini. Adhuhuri."

"Na baada ya hapo?"

"Nyumbani."

Aliweka mikono yote miwili juu ya kaunta. "Miaka kumi na minane," alisema. "Mimi nilidhani mna pahala penu. Nilidhani wenye meza mmepanga." Aliinuka, akafungua mtoto wa meza, akapekua, akatoa ufunguo. Kisha akatazama rafu za juu, akashusha kibaba cha bati, kile kipimo cha zamani walichopimia dengu enzi za baba yake kabla ya mizani. Akafunga ufunguo kwenye mkono wa kibaba kwa kamba ya katani, mafundo matatu. "Ufunguo mtupu unapotea. Hiki hakipotei. Choo kiko uani, mlango wa kushoto, maji yapo. Kibaba kitaning'inia hapa kwenye msumari. Wewe na mama yako, wakati wowote, msiniombe. Sasa maliza glasi."

Nilimaliza. Nilikwenda uani na kibaba changu, kikigongana na ukuta wa ukumbi, na nikiwa nimesimama pale kwenye kile choo safi chenye ndoo na kata, nilianza kulia. Mtu atasema nililia kwa sababu ya choo, na atakuwa amesema kweli.

Mama aliporudi nilimwambia, nikidhani atafurahi. Aliniangalia kana kwamba nimemvua kanga hadharani.

"Umekwenda kuniombea choo?"

"Sikuomba, aliuliza."

"Miaka yote nimekaa kwenye baraza ya watu kwa heshima. Chumvi nimeomba, kiberiti nimeomba. Choo cha mtu ni ndani kwake. Wana taratibu zao za usafi wale, utawajuaje? Leo nipite mbele ya wateja wake na kibaba kinalia kengele, kila mtu ajue naenda wapi?"

"Mama, kila mtu ana kibofu."

"Nyamaza."

Nina ulimi ambao hausubiri, na siku hiyo haukusubiri. "Kichwa kinakuuma kila siku," nikamwambia. "Dawa za mkojo umekunywa mara ngapi mwaka huu? Unaamka usiku wa manane kunichemshia viazi nikimbie, na mimi naanguka kwa sababu ya kiu, na hiyo kiu nimejifunza kwa kukutazama wewe!"

Alikunja gauni moja. Alilikunjua, akalikunja tena. Hakunisemesha mpaka tulipofika nyumbani. Nilijuta kabla hata sijafunga mdomo, lakini neno lilikuwa limeshatoka.

Mazoezi yaliyofuata nilimwendea kocha, nikamweleza yote, kifuniko, meza, kufuli, rangi ya chai. Nilitegemea anifokee kwa kumdanganya. Alivua kofia akaikunja mikononi. "Nimefundisha watoto kunywa maji miaka mingi," alisema. "Wavulana nao hawaulizi, wanageukia ukuta. Kwa wasichana sikufikiria kitu hicho hata siku moja." Kisha akaondoka katikati ya mazoezi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akamtafuta mtunza uwanja. Alirudi na ufunguo wa choo cha wasichana na ndoo ya maji aliyoibeba mwenyewe, maji yakimrukia viatuni. Wenzangu wawili walikwenda chooni palepale, mbio. Kumbe sikuwa peke yangu.

Kunywa kulinishinda mwanzoni. Koo lilikuwa limesahau. Kocha alinipa utaratibu wa mtoto mchanga: kikombe nikiamka, kikombe na chakula, mafunda machache kila robo saa nikiwa uwanjani, nisisubiri kiu kwa sababu kiu yangu ilikuwa imekufa ganzi. Baada ya mazoezi nilipita kwa Ba, chasi ikiwa tayari na chumvi yake, na mara nyingine chapati moja imekunjwa na dengu, maana alisema kijana hawezi kuishi kwa kunywa tu. Siku nne za kwanza niliishi uani. Kibaba kiligonga ukuta mpaka muuza simu wa jirani akaanza kunitania, "Dada wa kibaba, mambo?" nami nikamjibu "Poa," nikapita kichwa juu. Siku ya sita rangi ilikuwa ya ndimu. Siku ya saba nilimaliza raundi ya tatu, nikaingia ya nne, na miguu ilikuwa bado yangu.

Mama hakukigusa kibaba. Aliendelea kunipikia, aliendelea kunywa kwa kifuniko, na alinijibu kwa maneno mafupi. Ba naye hakumsukuma. Asubuhi alimwamkia kama kawaida, na kibaba kikabaki kwenye msumari pale anapoweza kukiona.

Jumamosi ya uchaguzi, Mama alinifungia hotpoti akanikabidhi mlangoni. Alisema, "Kimbia vizuri." Nilitaka kumwomba radhi kwa yale maneno, ila nikasema tu "Asante, Mama."

Tulikuwa wasichana saba mstarini. Nilikuwa nimekula ndizi mbili na kiazi, na nimekunywa. Nilikwenda chooni dakika za mwisho, kwenye choo chenye ufunguo, nikarudi mwepesi. Raundi ya kwanza nilikaa nyuma kama kocha alivyoagiza. Ya pili nikawapita wawili. Ya tatu ilipofika niliingoja ile mikazo kama unavyongoja mdai mlangoni, haikuja. Jasho lilikuwa likinitiririka mpaka machoni, na nilifurahi, kwa sababu zamani nilikuwa sitoki jasho kabisa ikifika hapo. Mwishoni msichana mmoja mwenye miguu mirefu alinipita, na sikumpata tena. Nilimaliza wa pili. Kocha aliniandika mbele ya macho yangu, kalamu ikichana karatasi. "Binti," alisema, "sasa hivi unakunywa." Halafu akapenga kamasi kwa nguvu akajifanya ni vumbi.

Kutoka uwanjani nilikwenda Kariakoo kwa miguu, nusu nikitembea, nusu nikikimbia, hotpoti ikinigonga kiunoni. Nilikuwa na maneno yangu tayari, kwanza radhi, halafu habari. Nilipokata kona nikaiona meza. Mama hakuwepo. Ilikuwa saa nane, adhuhuri imeshapita, na Jumamosi saa nane Mama haondoki kwenye meza hata nyumba ikiungua. Kwenye kigoda chake alikuwa amekaa Ba. Sikuwahi kumwona upande huu wa kaunta. Alikuwa ameinua gauni la marinda mbele ya mteja anasema, "Huyu wa miaka miwili? Chukua la minne, watoto wanakua."

"Ba! Mama yuko wapi? Amepatwa na nini?"

"Shikamoo hakuna siku hizi?"

"Shikamoo, Ba. Mama yuko wapi?"

"Marahaba. Amekwenda uani," akasema, na kuendelea na mteja wake.

Nilitazama upande wa kulia wa meza. Chupa ilikuwa palepale, tupu mpaka chini, na kifuniko kimelala kando yake, kikavu.

"Hiyo ya pili leo," Ba alisema bila kugeuka. "Tangu Jumatatu nakaa hapa kila akienda. Aliniambia nisikwambie mpaka ukimbie kwanza."

Ndani ya ukumbi niliusikia mlio ninaoujua, bati likigonga ukuta, linakuja polepole. Mama akatokea mlangoni, ncha ya kanga akifutia mikono, kibaba kikining'inia kidoleni mbele ya wateja wote wa duka. Aliponiona alisimama.

"Umepata?"

"Nimepata, Mama. Wa pili."

Alishika mwimo wa mlango, akasema alhamdulillah mara tatu, ya mwisho bila sauti. Nilitaka kuanza radhi zangu, hakunipa nafasi. Alikitundika kibaba kwenye msumari wake, akakaa kwenye kigoda Ba alichomwachia, akachukua ile chupa tupu akaniwekea mkononi.

"Haya, kajaze," akasema. "Ijaze mpaka juu."